Sura ya Nne: Chumba Kisicho na Mlango

Karagwe na Kyerwa hatuna upungufu wa ibada. Simama Omurushaka Jumapili asubuhi uone: Walutheri wanaelekea usharikani, Wakatoliki parokiani au kigangoni, Waanglikana na Wapentekoste kila mmoja na njia yake, wengine kwa miguu, wengine wamepakizana kwenye bodaboda, Biblia imefungwa ndani ya kitenge isipate vumbi. Wasabato walishasali jana yake. Katikati ya wiki kuna jumuiya inayozunguka nyumba hadi nyumba. Kuna mikesha. Mtu akifiwa tunalala kwake tukiimba. Hata mkutano wa chama cha msingi cha kahawa hauanzi kabla mtu hajasimamishwa atuombee.

Sasa mchukue mmoja wetu kando, umuulize: wiki hii, ukiwa peke yako, bila mchungaji wala katekista kuongoza, ulimwambia Mungu nini? Jibu la swali hili nimelisikia mara nyingi, kwa wazee wa kanisa na kwa vijana wa kwaya: "Mimi huwa nasali na wenzangu." Ni jibu la kweli, wala halina aibu. Lakini linaacha nje sehemu kubwa ya siku na sehemu kubwa zaidi ya moyo, maana yako mambo ambayo hakuna anayeyatamka mbele ya jumuiya: deni ambalo mke hajaambiwa, wivu kwa ndugu aliyejenga, hofu ya majibu ya vipimo unayoyasubiri kutoka hospitali ya Nyakahanga. Mambo hayo yasiposemwa kwa Mungu faraghani, hayasemwi popote.

Wengi wanangoja hamu. Wanadhani siku moja moyo utawaka, na ukishawaka sala itakuja yenyewe. Mimi naamini kinyume chake, na sura hii yote inasimama hapo: sala ya binafsi inataka mahali, saa, na maneno ya kuanzia, na vyote hivyo vimo ndani ya kibanja chako, shamba lile la migomba linalozunguka nyumba. Hamu itakuja, itaondoka, itarudi. Usiifanye kuwa mlinzi wa lango.

Tuanze na namna tulivyofika hapa. Imani ilitufikia katika makundi. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, walifungua misheni Kashozi mwaka 1892, na wa Bethel kutoka Ujerumani wakafika Bukoba mwaka 1910; kutoka huko Injili ikaja mpaka vilimani kwetu, ikifundishwa kwa kukariri pamoja na kuimba pamoja. Baadaye kundi lenyewe likafanywa shule ya utakatifu. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, wakati Karagwe yote ikiwa ndani ya jimbo hilo, aliamua kuishi na kulima pamoja na wanakijiji wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kuumiza kichwa. Tumefunuliwa ili tuige, tugawane maisha kama Baba, Mwana na Roho wanavyogawana. Jumuiya ndogo ndogo alizozipigania bado ndizo uti wa mgongo wa Jimbo la Kayanga, lililozaliwa mwaka 2008. Huo ni urithi mkubwa na sitaki mtu ausome ukurasa huu kama lawama juu yake.

Ila kundi lina kivuli chake. Mtu anaweza kukaa ndani yake miaka arobaini, anajua wapi pa kusimama na wapi pa kupiga magoti, anajua kuitikia, na asiwahi hata mara moja kumkabili Mungu yeye mwenyewe.

Na hata makundi yenyewe huanzia mahali padogo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotuletea Walokole na wimbo wa Tukutendereza, uliwaka Gahini, mashariki ya Rwanda, katika miaka ya 1930. Gahini hapako mbali. Aliyeko Kyerwa akivuka Mto Kagera anakuwa ameingia nchi hiyohiyo. Umati ulilia, ukatubu, ukaimba usiku kucha, na habari zikasambaa Uganda, Tanganyika na Kenya. Lakini Septemba 1929, kabla ya umati wowote, daktari mmoja wa Gahini aitwaye Joe Church alipanda kilima cha Namirembe, Kampala, akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Huko akakutana na Simeoni Nsibambi. Wawili hao wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kusali. Hapakuwa na kwaya wala spika. Ukiwauliza watu wa Uamsho mto wao unachimbuka wapi, wengi watakuonyesha siku mbili zile.

Basi, mahali. Katika Mathayo 6 Bwana anatuagiza tuingie chumbani, tufunge mlango, tumwombe Baba aliye sirini. Agizo hili huwasumbua watu wa kwetu kuliko tunavyokiri. Chumba gani? Nyumba ya vyumba vitatu ina watu wanane. Watoto wanalala sebuleni, mahindi yamehifadhiwa chumbani kwa bibi, na mlango wa baba ni pazia. Mtu akisubiri apate chumba chenye kitasa ndipo aanze kusali, atazeeka akisubiri. Nami sidhani kwamba nyumba za wavuvi wa Galilaya zilikuwa kubwa kuliko zetu. Ndiyo maana Marko, katika sura ya kwanza, anatuonyesha Bwana mwenyewe akiondoka nyumbani kwa Simoni kungali giza, baada ya jioni ambayo mji mzima ulikuwa umesongamana mlangoni, akaenda mahali pasipo watu. Wala hakuachwa huko muda mrefu. Simoni na wenzake walimfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Ukisumbuliwa katikati ya sala yako na mtoto anayelilia uji, kumbuka umo katika kundi zuri.

Kwetu mahali pasipo watu ni kibanja. Ingia kati ya migomba alfajiri, hatua ishirini au thelathini kutoka jikoni: majani yamekutana juu, ukungu bado haujapanda kutoka bondeni, matandazo chini yamelowa umande na yanameza sauti ya miguu. Anayepita njiani hakuoni. Ukinong'ona husikiki. Wakristo wengi duniani, wanaoishi kwenye maghorofa na kelele za magari, wangelipia fedha kupata mahali kama hapo, na sisi tunapapita kila siku tukienda kukata ndizi. Chagua sehemu moja isiyobadilika. Danieli alikuwa na chumba chake chenye madirisha yaliyoelekea Yerusalemu, na alikirudia mara tatu kwa siku. Weka kigoda chako chini ya mbuni fulani, au kaa kwenye jiwe lile la mpakani, na urudi hapohapo kesho. Baada ya muda miguu yenyewe inajua kwamba hapa ni pa kusali, na nusu ya vita imekwisha.

Hapa lazima niseme na akina baba. Mama wa nyumba hana dakika ishirini alfajiri isipokuwa mtu ampe. Yeye ndiye anayewasha moto, anayeangalia maji kama yapo, anayemvalisha mtoto sare. Mwanamume anayerudi kutoka kibanjani akiwa ameburudika kwa sala ndefu, wakati mkewe hajapata hata nafasi ya kusema Baba Yetu, amesali kwa muda wa mtu mwingine. Shika mtoto. Chochea moto. Siku yako na siku yake, au nusu saa yako na nusu saa yake, mpangiane wenyewe. Nafikiri ndoa nyingi zingepata nafuu hapo kabla ya semina yoyote.

Juu ya saa sitasema mengi. Alfajiri ni bora kwa sababu simu bado haijawashwa, na kama imewashwa, usiiguse. Makundi ya maombi ya kwenye simu yana faida yake. Habari ya mgonjwa inafika Murongo na Kayanga kwa wakati mmoja. Lakini kuandika "Amina" chini ya ombi la mtu na kuendelea kupekua picha si kumwombea. Kahawa inapoiva, kuanzia Mei na kuendelea, alfajiri inamezwa na kazi; hapo sogeza saa yako jioni wala usijilaumu. Dakika kumi zinazorudi kila siku ni bora kuliko saa mbili za mara moja kwa mwezi.

Maneno ndiyo yanayowashinda watu. Mtu anafika chini ya mgomba wake, anafumba macho, na kinachomjia ni hotuba ile ya hadharani: tunakushukuru kwa wasaa na nafasi, tunakuja mbele zako, tunajifunika, tunabomoa. Anasema "tunakuja" na yuko peke yake. Dakika tatu zimepita, maneno yamekwisha, moyo haujagusa kitu. Tatizo hili si geni, na dawa yake ya zamani ni kuazima maneno, kisha kuyatafuna polepole.

Mwaka 1535, huko Wittenberg, kinyozi mmoja aitwaye Petro alimwomba Martin Luther amfundishe kusali. Luther, mtu wa vitabu vizito na mabishano makubwa, akamwandikia kijitabu kizima. Alimshauri asali asubuhi kabla ya kazi nyingine na usiku baada ya kazi zote, na ajihadhari na wazo linalosema ngoja kidogo, nimalize hili kwanza. Alikiri kwamba yeye mwenyewe, moyo wake ukipoa, huchukua Zaburi, hujitenga, na kuanza kujisomea Amri Kumi na Imani kama watoto wanavyofanya. Akamwonyesha Petro namna ya kuichukua kila amri na kuisokota nyuzi nne: inanifundisha nini, inanipa sababu gani ya kushukuru, inanifanya niungame nini, na sasa niombe nini. Na kwa kuwa alikuwa anasema na kinyozi, akamkumbusha kwamba mwenye wembe mkononi akiwaza mambo mengine atamkata mtu pua. Sala nayo inataka akili yote.

Jaribu nyuzi hizo hapa kwetu na amri ya kutoiba. Inanifundisha kwamba Mungu analinda hata kile kidogo cha jirani. Nashukuru kwa mibuni hii, niliyoachiwa na baba, na kwamba mwaka huu haijaibiwa. Naungama kwamba nilichanganya kahawa mbichi na kavu ili mizani iongezeke. Naomba nipate ujasiri wa kuuza safi, na naomba anayenunua naye asinipunje. Hapo umesali, na hukutumia neno hata moja la jukwaani. Mlutheri aliyekariri Katekisimo Ndogo wakati wa kipaimara ana maneno haya kichwani tayari. Mkatoliki ana rozari, ambayo wengi huiendesha mbiombio kwenye msiba lakini peke yake inakubali mwendo wa polepole: fumbo moja tu, punje kumi, na jina la mtu mmoja katika kila punje. Na wote wana Zaburi 150, ambazo kanisa limezisali tangu mwanzo. Soma moja asubuhi. Ukifika mstari unaokugusa, simama hapo. Luther mwenyewe alimwambia Petro kwamba wazo jema likimjia katikati, aache maneno mengine yote alisikilize hilo.

Sali pia kwa Kinyambo, kama ndicho ulichonyonya. Watu wengi hapa wanakemea kwa Kiswahili, wanapatana bei kwa Kiswahili, lakini wanambembeleza mtoto na kumlilia marehemu kwa Kinyambo. Yale ya ndani kabisa yana lugha yake, na hakuna sababu ya kuyabadilisha mlangoni kwa Mungu.

Wala si lazima sauti itoke. Hana, mama yake Samweli, alisali midomo ikicheza tu, na kuhani Eli akadhani amelewa. Nehemia aliulizwa swali na mfalme wa Uajemi, na kati ya swali na jibu akamwomba Mungu wa mbinguni; sala hiyo haikuzidi pumzi moja. Nawapenda hawa wawili kwa sababu wanatutoa kwenye dhana kwamba sala yenye nguvu lazima isikike kijiji cha pili.

Tukitoka kibanjani, sala inaweza kuingia kazini. Katika karne ya 17 huko Paris aliishi bruda wa Wakarmeli aliyeitwa Lawrence, aliyekufa mwaka 1691. Hakuwa msomi wala padri. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa jikoni, baadaye kushona viatu vya watawa. Alijizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya masufuria, mpaka kwake saa ya kazi na saa ya sala zikakaribia kuwa kitu kimoja. Kila ninapomsoma nawaona mama zetu wakimenya ndizi. Kisu kinapita juu ya ganda, utomvu unaganda vidoleni na kuwa mweusi, ndizi inadondoka ndani ya maji, nyingine inachukuliwa. Kazi hiyo inashika mikono na macho na kuacha moyo huru kwa muda mrefu. Sufuria ya watu wanane ina ndizi nyingi. Ndizi ya kwanza mtaje mtoto wa kwanza mbele za Mungu, ya pili wa pili, kisha mama mkwe, kisha yule binti aliyeenda kufanya kazi za ndani Mwanza na hapigi simu. Ukiisha ukoo, ndizi bado zipo, anza majirani. Mwanamume naye anaweza kufanya hivyo kwenye kahawa, tawi kwa tawi.

Zitakuja siku ambazo maneno ya shukrani hayapandi. Waliokuwa na vibanja katikati ya miaka ya 2000, mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, wanazijua. Jani linageuka manjano bila jua kali. Mkungu unaanza kuiva ukiwa bado mchanga, ukiikata ndizi ndani ni kahawia kama kutu, ukikata shina linatoa majimaji ya manjano. Mgomba uliopandwa na babu unakatwa, na wa jirani yake unafuata. Kuna watu waliosimama mbele ya uharibifu huo wakajilazimisha kuimba sifa, kwa sababu mtu aliwaambia kwamba Mkristo halalamiki.

Biblia haisemi hivyo. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu mpaka lini, na inarudia mara nne. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia, imeimbwa hekaluni na kusomwa makanisani. Ukiwa umefiwa, ukiwa umeachwa, ukiwa umenyang'anywa shamba, hiyo ni sala yako halali. Mwambie Mungu kwamba umechoka naye. Kumwambia hivyo ni kuwa bado unazungumza naye. Kisha chukua panga, ulipitishe motoni, ukate mgomba ulioathirika, na kwa kijiti chenye panda uvunje ua dume kwenye migomba iliyobaki, kama mabwana shamba walivyotufundisha. Sijawahi kuona mgongano wowote kati ya vitu hivyo viwili, na huwa nahuzunika mhubiri anapouweka.

Weka daftari dogo. Andika majina tu, pasipo maelezo, maana daftari huokotwa na watu. Upande mmoja unaowapenda. Upande wa pili mliokosana. Huu wa pili ndio utakaokupima. Mnagombea mpaka wa shamba, na yeye yuko jumuiya moja na wewe, mnapeana mikono ya amani kila wiki. Mtaje kwa jina kila siku kwa mwezi mmoja. Usimwombe Mungu amwonyeshe kosa lake; mwombee mvua, mwombee mtoto wake afaulu. Wazee wa Uamsho walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, yaani kumwendea uliyemkosea na kusema kosa lako wazi, na kabla ya kuwacheka kwa ukali wao tukumbuke kwamba waliyaendea hayo wakitoka magotini. Mwaka 1994, Karagwe ilipopokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda na kambi kama Chabalisa zikajaa, swali la tunamwombea nani halikuwa la nadharia. Vilima vilikatwa kuni, mazao yaliibwa, na miongoni mwa waliokimbia wakiwa na njaa walikuwamo pia waliomwaga damu. Aliyeweza kuwataja wote hao mbele za Mungu bila kudanganya, huyo alikuwa amejifunza kusali.

Jambo la mwisho ni la watu walioanza wakaacha. Karibu kila mtu huacha. Mtoto aliugua, mvua za vuli zikaingia na maharage yakataka kupandwa, wiki tatu zikapita, na sasa unaona aibu kurudi pale kwenye kigoda. Wengine hujaribu kulipa: wanaapa kufunga siku saba, kusali saa tatu mfululizo, kusoma Zaburi zote walizoruka. Wanashindwa siku ya pili, na aibu inaongezeka. Usilipe chochote. Anza leo jioni, kitandani kama umechoka. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529 Luther aliweka utaratibu wa sala ya usiku kwa nyumba nzima: ishara ya msalaba, Imani, Baba Yetu, sala fupi ya kujikabidhi kwa Mungu. Haifiki dakika tano. Baada ya hapo akaandika agizo moja ambalo wengi wetu tulilikariri bila kulizingatia, kwamba mtu akimaliza hayo alale mara moja, kwa furaha.